Kinini ya usingizi na posti ya usiku

Ndugu mutumikaji, unatoka posti ya usiku saa kumi na mbili ya asubui. Unakunywa chai, unajilaza juu ya kitanda, lakini usingizi hauji. Jua linaingia dirishani, malata yanapata moto, watoto wanacheza mupira karibu na mulango. Saa tano unaamuka mwenye kuchoka kuliko mbele ya kulala. Halafu rafiki anakuambia: « Ndugu yangu wa Ulaya alinitumia kinini, inaitwa melatonini. Ni kitu cha mwili wenyewe, haina hatari. » Utaimeza?

Rafiki yako hasemi uongo wote. Melatonini inatengenezwa kweli ndani ya kichwa, wakati wa giza. Aaron Lerner wa Marekani na wenzake waliitambua katika mwaka 1958. Kazi yake ni kuambia mwili: usiku umefika. Mwangaza ukiingia machoni, inapunguka. Ndiyo sababu mutu wa posti ya usiku anateswa: anatafuta usingizi saa ile mwili unasema ni muchana.

Lakini kuonyesha saa si kuangusha mutu katika usingizi. Katika mwaka 2014, wanganga walikusanya majaribio yaliyofanywa juu ya watu wa posti ya usiku. Wenye kumeza melatonini nyuma ya kazi walilala karibu dakika 24 zaidi. Dakika 24, si saa ine! Na wale waliomeza nyingi hawakupita wale waliomeza kidogo.

Kwa mutu mukubwa mwenye afya, kinini ndogo kwa siku chache haina kawaida ya kuleta mabaya makubwa: kichwa kuuma, kizunguzungu, roho kuchafuka, kusinzia. Hapo kwa kusinzia, simama kidogo. Tuseme saa mbili ya usiku unaimeza ili ulale kidogo mbele ya posti. Saa ine uko juu ya kamyo katika kariere, nyuma yako mawe, mbele yako muteremuko, na wenzako wanapita chini. Kinini ingali inafanya kazi katika damu yako. Ukiimeza, usishike usukani wala masini mbele ya saa tano kupita. Mwenye kuimeza mbele ya kazi anacheza na maisha ya ekipe yote. Na usiichanganye na bia.

Tena, ndani ya kichupa kuna nini? Katika Uingereza ni munganga anayeiandika. Katika Marekani inauzwa dukani kama chakula cha kuongeza, bila kupimwa kama dawa. Katika Kanada, mwaka 2017, walipima aina 31. Kinini moja iliyoandikwa miligrama 1,5 ilikuwa na karibu 9. Nyingine zilikuwa na melatonini kidogo sana kuliko ile iliyoandikwa. Na aina 8 zilikuwa na serotonini, ambayo haikuandikwa popote.

Mama wa nyumba, kichupa hicho ukifungie pahali pa juu. Zingine zinafanana kabisa na bonboni. Katika Marekani, habari za watoto waliomeza melatonini zilitoka karibu 8.000 katika mwaka 2012 zikapita 52.000 katika mwaka 2021.

Mbele ya kununua kitu, jaribu giza. Tundika blanketi muzito dirishani. Vaa kofia ukirudi nyumbani, jua lisikupige machoni. Zima telefone. Watoto waende kucheza mbali. Baba aliye katika posti ya usiku analala muchana, na jirani vilevile wajue.

Usingizi ukikataa tu, nenda dispanseri na kichupa mukononi. Sema kama unameza dawa ya tansio, ya sukari, ya kifafa ao ya kuzuia damu kuganda, maana melatonini inaweza kugombana nazo. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha asiimeze bila munganga kukubali. Na kama uliimeza na saa ya kazi imekaribia, ambia shefu wako mbele ya kupanda masini.