Nyota Nyekundu Ifuatayo Kilimia

Kila mwaka, mvua zinapokwisha na anga la Bunia linapotakata, jioni huonekana upande wa mashariki, juu ya Milima ya Bluu, nyota moja kubwa yenye rangi ya kaa la moto. Si nyeupe kama jirani zake, wala si nyekundu kama damu. Rangi yake ni ile ya chuma kinachoanza kupoa mbele ya mhunzi. Wanafunzi wametuuliza mara kwa mara ni nyota gani hiyo. Na wazazi kadha wa kadha wametuuliza swali lenye uzito zaidi: je, si kweli kwamba nyota nyekundu huleta vita? Katika Ituri swali la namna hiyo si la mchezo, wala hatutalipita kwa kicheko. Lakini yafaa kwanza kuijua nyota yenyewe, ndipo tujue kama inastahili kuogopwa.

Kuitambua si kazi. Karibu sote twazijua zile nyota ndogo zilizosongamana kama vifaranga chini ya mama yao. Kwa Kiswahili huitwa Kilimia, kwa sababu tangu kale ziliwaonyesha watu majira ya kulima. Sasa, sisi wa Bunia tunakaa karibu mno na mstari wa ikweta, hata nyota za mashariki kwetu hupanda wima, kama moshi siku isiyo na upepo. Kilimia hutangulia. Baada ya dakika zipatazo 50 hutokea nyota yetu mahali karibu na palepale. Ikipita saa moja tena, hupanda nyota tatu zilizojipanga sawasawa kama wanafunzi mstarini; na baada ya saa moja na zaidi kidogo huja Sirius, nyota ing'aayo kupita nyota zote za usiku. Mwanzoni mwa Desemba, kufikia saa mbili u nusu usiku, wote hao wamekwisha kusimama juu ya milima katika mstari mmoja: Sirius chini, zile tatu juu yake, kisha nyota nyekundu, kisha Kilimia. Hamna haja ya kutoka nje ya ua wa nyumba; mlangoni tu panatosha.

Waarabu, waliokuwa mabingwa wa elimu ya nyota zamani hizo, waliiita Al-Dabaran, yaani Mfuasi, kwa kuwa humfuata Kilimia usiku kucha bila kumfikia. Wazungu walilichukua jina hilo, wakasema Aldebaran, na ndivyo lilivyoandikwa katika vitabu hata leo. Tahadhari moja: upande wa kushoto wa zile nyota tatu, mtu akitazama mashariki, iko nyekundu nyingine, jina lake Betelgeuse. Hiyo siyo. Wala msiichanganye na Mirihi, ambayo si nyota bali ni sayari, na huhamahama kati ya nyota mwezi hata mwezi. Aldebaran hukaa mahali pake nyuma ya Kilimia.

Kwa nini basi ni nyekundu? Jibu lipo katika kila kiwanda cha mhunzi. Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu. Kikizidi huwa na rangi ya chungwa, halafu manjano, na mwisho huwa cheupe cha kuumiza macho. Nyota nazo hufuata kanuni hiyo hiyo. Uso wa Jua letu una moto wa digrii zipatazo 5,500, na uso wa Aldebaran digrii kama 3,600. Sirius, iliyo nyeupe, ina moto kuliko zote mbili. Basi wekundu huu tunaouogopa ni dalili ya moto uliopungua!

Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins, pamoja na rafiki yake William Miller, aliielekeza darubini yake kwenye Aldebaran, akaipasua nuru yake kwa kioo, kama vile matone ya mvua yaipasuavyo nuru ya Jua ikawa upinde. Katikati ya zile rangi aliona mistari myeusi, na kila mstari ni alama ya kitu fulani, kama chapa ya mwenye mali. Alisoma humo chuma. Alisoma pia kalsiamu, ile iliyomo katika chokaa na katika mifupa yetu, na sodiamu iliyomo katika chumvi ya mezani. Katika miaka ya sitini hiyo hiyo, mjini Roma, Padre Angelo Secchi, Mjesuiti aliyekuwa na darubini yake juu ya paa la kanisa la Mtakatifu Ignasi, alizichunguza nyota kwa maelfu kwa njia hiyo, akazigawa katika makundi kwa jinsi nuru yake ilivyo. Watu wa kale walidhani kwamba vitu vya mbinguni vimefanywa kwa kitu kingine kisichokuwako duniani. Kumbe jembe lililoegemea ukutani na nyota iliyo juu ya paa vina chuma kile kile.

Jambo lingine ni ukubwa wake. Kama Jua lingekuwa kama chungwa, Aldebaran ingekuwa kama nyumba ndogo, maana upana wake wapita ule wa Jua mara 44 hivi. Wataalamu huziita nyota za namna hii majitu. Nuru yake yote kwa jumla yazidi ya Jua mara 400 na zaidi. Lakini ajabu ni hii: uzito wake haupiti sana uzito wa Jua. Mali ile ile, karibu, imetandazwa katika nafasi kubwa kupita kiasi, hata kwa wastani jitu hili ni jepesi kuliko hewa tuvutayo, ingawa kiini chake kimeshindiliwa vikali.

Ilipataje kuvimba hivyo? Sisi wakaaji wa nchi ya nyasi tunao mfano mzuri kila kiangazi. Moto ukiwashwa katikati ya mbuga, hula nyasi za hapo kwanza. Nyasi zikiisha, pale katikati hubaki majivu matupu, na moto wenyewe huhamia ukingoni, ukawa kama pete inayozidi kupanuka. Nyota huishi kwa kuigeuza haidrojeni kuwa heliamu ndani ya kiini chake. Haidrojeni ndiyo nyasi, heliamu ndiyo majivu. Jua letu bado linaunguza nyasi za katikati. Aldebaran ilikwisha kuzimaliza. Moto wake umehamia kandokando ya kiini, na kiini chenyewe, kwa kuwa hakina moto wa kukitegemeza, kinajikunja na kuzidi kuwa cha moto. Joto hilo lote husukuma nje tabaka za juu, nazo zikivimba hupoa, zikawa nyekundu. Ni nyota iliyozeeka, ndiyo habari yake yote.

Na Jua letu? Litaipita njia hiyo hiyo, maana ni nyota ya ukoo huo. Lakini mtu asiache kupanda mihogo kwa sababu hiyo: zimebaki miaka ipatayo milioni elfu tano.

Sasa tuje kwenye umbali, ambapo sisi wenyewe tuliguswa zaidi. Nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka katika Jua hutufikia kwa dakika 8 na kidogo. Kutoka Aldebaran hutumia miaka ipatayo 65, labda na mmoja au miwili zaidi. Hilo lajulikana kwa kipimo ambacho kila mtoto aweza kukijaribu: nyosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, halafu lile jingine, utaona kidole kinarukaruka mbele ya ukuta. Wataalamu hutumia dunia yetu badala ya macho mawili. Huitazama nyota wakati dunia ipo upande mmoja wa Jua, na tena baada ya miezi sita ikiwa upande wa pili, kisha hupima imeruka kiasi gani mbele ya nyota zilizo mbali zaidi.

Basi fanyeni hesabu. Nuru iingiayo machoni mwetu miaka hii iliondoka kule karibu na mwaka 1960. Wakati ilipoanza safari, bendera ya Kongo huru ilikuwa ikipandishwa, tarehe 30 Juni. Na Jimbo la Bunia lilikuwa changa bado, kwani lilifanywa jimbo tarehe 10 Novemba 1959, baada ya kuwa Vikarieti ya Ziwa Albert. Babu na bibi wengi wa wanafunzi wetu walikuwa watoto, au hawajazaliwa. Tangu siku hiyo nuru ile haikupumzika hata sekunde moja, nasi huku chini tumepitia mambo tuyajuayo. Mzee aliyezaliwa katika mwaka wa uhuru akisimama mlangoni jioni, huipokea nuru ya umri wake mwenyewe. Na nuru itokayo kule usiku wa leo, mtoto mwenye miaka 10 ataipokea akiwa mzee wa miaka 75, Mungu akimjalia.

Watu wameona hamu ya kufika mbali hivyo. Mwaka 1972 Wamarekani walirusha chombo kiitwacho Pioneer 10, kisicho na mtu ndani, kikabeba bamba lenye picha ya mwanamume na mwanamke. Kilipita karibu na sayari ya Mshtarii Desemba 1973, kikaendelea nje, na ishara yake ya mwisho ilisikika Januari 2003. Kimeelekea upande wa Aldebaran. Kwa mwendo wake kitahitaji zaidi ya miaka milioni 2 kufika maeneo hayo, tena nyota yenyewe haingoji: yatuacha kwa mwendo wa kilometa 54 kila sekunde, umbali unaozidi ule wa kutoka Bunia hata ufuko wa Ziwa Albert kwa mstari ulionyooka. Twaiona imetulia kwa sababu tu ya umbali. Edmond Halley, Mwingereza, ndiye aliyegundua mwaka 1718, kwa kulinganisha vipimo vya Wayunani wa kale na vya siku zake, kwamba Aldebaran, Sirius na Arcturus zimesogea. Kabla yake nyota zilidhaniwa kuwa zimepigiliwa misumari.

Turudi sasa kwenye swali la wazazi. Tunajua limetoka wapi. Mtu aliyekimbia kijiji chake usiku hukumbuka alichokiona juu ya kichwa chake, na akili iliyoumia hutafuta sababu popote. Waliokimbia kutoka Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017 wana haki ya kuuliza. Lakini tuipime hoja kama tupimavyo hoja yoyote. Ikiwa nyota hii huleta vita kwa wekundu wake, mbona imekuwa nyekundu vilevile miaka yote, ya amani na ya vita? Inaonekana vilevile Dar es Salaam na Roma, ambako watu hawakupigana kwa ajili yake. Na kuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwezi wa Mei 2003, mji wetu ulipopiganiwa mtaa kwa mtaa na watu wakauawa kwa mamia, Aldebaran ilikuwa ikizama mapema, mara baada ya Jua. Na kabla ya mwezi kwisha haikuonekana kabisa, kwa sababu ilikuwa imejificha katika mwanga wa Jua, kama ifanyavyo kila mwaka majira hayo. Zaidi ya hayo, nuru iliyoonekana hapa mwaka 2003 ilikuwa imeondoka kwenye nyota karibu na mwaka 1938. Ni mjumbe gani huyo, atumwaye na habari za vita kabla hata wenye kupigana hawajazaliwa?

Nabii Yeremia aliwakataza watu wake wasizitetemekee ishara za mbinguni kama walivyofanya mataifa ya jirani. Nasi twasema, bila kumdhihaki mtu, kwamba kuisingizia nyota kuna hatari yake. Damu ya Ituri ilimwagwa na mikono, na mikono ina majina. Anayefundishwa utotoni kwamba vita hushuka kutoka angani hatauliza bunduki zilitoka wapi, nani alizinunua, wala dhahabu ya Kilo iliingia mifukoni mwa nani.

Kwa wale watakaopenda kuitazama: katikati ya Januari huwa juu kabisa saa tatu usiku, karibu na utosi, ikiinamia kaskazini kidogo. Kama moshi wa mbuga zinazoungua umetanda, ngojeni siku ya pili. Mwezi Machi na Aprili itafuteni magharibi, upande wa msitu. Mwishoni mwa Mei hupotea. Wanaoamka mapema ndio watakaoiona kwanza inaporudi. Kwa mfano asubuhi ya tarehe 30 Juni, saa kumi na moja alfajiri, kabla bendera hazijatolewa na watoto hawajavaa sare zao, itakuwa tayari imepanda mashariki juu ya Milima ya Bluu, Kilimia kikiwa mbele yake.