Samaki wa mapambo Kigoma: Nauli inakula faida

Kati ya samaki wa Ziwa Tanganyika wanaofungwa kwenye mifuko ya plastiki na kupandishwa ndege, Cyprichromis ndiye anayempa muuzaji raha na karaha kwa pamoja. Ni mdogo, ndugu wa perege, na huogelea kwa makundi kando ya miamba. Akiwekwa peke yake hunyong'onyea, kwa hiyo mteja wa Ujerumani hanunui mmoja. Hununua kumi na zaidi.

Hapo ndipo malalamiko ya muuzaji mmoja wa Kigoma yanapoanzia. Ndege hutoza kwa kilo, na karibu uzito wote wa boksi la samaki hawa ni maji. Analipia nauli ya maji ya ziwa. Samaki hunyimwa chakula siku moja au mbili kabla ya safari wasije wakachafua maji, kisha mfuko hujazwa oksijeni. Safari ikikwama Dar es Salaam, hasara ni yake: mteja hulipia walio hai tu. Vibali navyo, anasema, havijui kwamba samaki hai hamsubiri mtu mpaka Jumatatu. Wapiga mbizi wanaowakamata samaki hawa wanadai chao hata hivyo, na kazi yao si ya pupa, maana samaki wa kina kirefu akipandishwa haraka kifuko chake cha hewa huvimba.

Maofisa huitaja biashara hii wanapohubiri uchumi wa buluu. Waulize mpiga mbizi anabaki na nini, utajibiwa habari za fursa.

Wasilolitaja ni kwamba samaki huyu huzaliana kwenye tangi. Jike hutaga mayai machache na kuyaatamia mdomoni takriban wiki tatu. Mfugaji wa Ulaya mwenye maji magumu ya nyuzi 25 huuza vifaranga bila kurudi ziwani tena. Kigoma inabaki na soko la rangi adimu, kwani rangi hutofautiana kutoka mwambao hadi mwambao. Na hata hilo Burundi na Zambia wanaligombea.

Kufugia hukuhuku huenda kukasaidia, ila pampu za hewa zinataka umeme usiokatika. Anayefikiria kuingia aulize kwanza nauli ya kilo moja kutoka Kigoma hadi Ulaya. Bei ya samaki aiulize baadaye.