Hausi ya Black Coffee na somo kwa waliorejea

WAFANYABIASHARA wanaovuka Ziwa Mweru kati ya Nchelenge, upande wa Zambia, na Kilwa au Pweto, upande wa Kongo, wanajua kwamba mzigo haubebwi kwenye magunia peke yake. Mwingine hubebwa ndani ya memori kadi ya simu.

Ndivyo muziki wa hausi unavyofika Kabuta. Unatoka Afrika Kusini, unapita Lusaka na miji ya migodi ya Zambia, unashuka mwaloni pamoja na sabuni na betri, kisha unapanda boti kwenda ng'ambo. Jioni utausikia kwenye vibanda vya kuchaji simu, wakati wavuvi wanaandaa taa zao za kuvulia chisense, dagaa wa ziwa hili.

Wazee wengi, hasa miongoni mwetu tuliorejea baada ya miaka ya ukimbizi, hawaupendi. Wanasema ni kelele za mashine, hauna maneno, tena si wetu. Hoja mbili za kwanza ni suala la masikio na mtu anaweza kuzoea. Hoja ya tatu ndiyo nzito, kwa sababu haiishii kwenye muziki. Ipo albamu moja inayoijibu vizuri.

Albamu hiyo inaitwa Subconsciously. Ilitolewa Februari 2021 na dijei na mtayarishaji wa muziki wa Afrika Kusini, Nkosinathi Maphumulo, anayejulikana duniani kwa jina la Black Coffee. Ina nyimbo 12. Aprili 2022 ilishinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki wa dansi na elektroniki, na kumfanya kuwa Mwafrika wa kwanza kuitwaa katika kundi hilo.

Tuanze na hiyo mashine inayolalamikiwa. Hausi haifichi kwamba inatumia mashine. Kuna ngoma nne zinazolingana, makofi kwenye pigo la pili na la nne, matoazi membamba katikati, na besi inayotembea chini. Mwendo wake wa kawaida ni mapigo kama 120 kwa dakika. Mapigo hayo peke yake yangemchosha mtu upesi. Ufundi upo katika kinachowekwa juu yake na, zaidi, katika kinachoondolewa.

Black Coffee ni bingwa wa kuondoa. Katika "Wish You Were Here", wimbo aliomshirikisha mwimbaji wa nchini kwake, Msaki, ala zimeachwa chache ili sauti ya dada huyo ipate nafasi ya kupumua. Ni wimbo wa kumkumbuka asiyekuwepo. Aliyewahi kuacha ndugu ng'ambo ya ziwa, asijue wataonana lini, atauelewa hata kama Kiingereza kinampiga chenga.

"Drive", aliouandaa na Mfaransa David Guetta huku Delilah Montagu akiimba, ulitangulia kutoka mwaka 2018. Huu ni wa kuchezeka zaidi, lakini hata humo besi haigombani na mwimbaji. Inasukuma taratibu, kama kasia lililo mikononi mwa mtu anayelijua ziwa.

Hata hivyo, albamu haikosi upungufu. Wamo Wamarekani wakubwa kama Usher na Pharrell Williams, na baadhi ya nyimbo zimelainishwa mno, kana kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya redio za huko kwao. Karibu zote zimeimbwa kwa Kiingereza. Msikilizaji ana haki ya kuuliza Kizulu na Kixhosa vimekwenda wapi.

Muziki uliofukuzwa

Sasa turudi kwenye hoja ya "si wetu". Hausi yenyewe ina historia ya kufukuzwa. Julai 12, 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, Marekani, santuri za disko zilirundikwa na kulipuliwa mbele ya maelfu ya watu walioshangilia. Disko ulikuwa muziki uliopendwa sana na Wamarekani weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, na wengi wao waliuona mlipuko ule kama ujumbe kwao.

Katika jiji hilohilo, kwenye klabu iliyoitwa Warehouse, dijei Frankie Knuckles alikuwa akiwapigia vijana muziki huo tangu mwaka 1977. Aliurefusha, akauongezea ngoma za mashine, na mtindo mpya ukachukua jina kutoka kwenye jina la klabu. Uliokataliwa uwanjani ukawa umepata nyumba nyingine.

Mtindo huo ulipofika Afrika Kusini, vijana wa vitongoji waliupunguza mwendo, wakaimba kwa lugha zao, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikazaliwa kwaito. Black Coffee alikulia humo.

Alizaliwa mwaka 1976 na kulelewa Mthatha, Rasi ya Mashariki. Februari 11, 1990, siku Nelson Mandela alipotoka gerezani, kijana huyo wa miaka 13 alikuwa mtaani akisherehekea na wenzake pale gari lilipoingia katikati ya umati. Mkono wake wa kushoto uliumia mishipa ya fahamu na hakuweza tena kuutumia kama awali. Siku nchi yake iliposhangilia uhuru ndiyo siku yeye alipopata ulemavu. Akajifunza kazi ya udijei kwa mkono mmoja.

Mwaka 2005 alitoa albamu yake ya kwanza, na ndani yake aliutengeneza upya wimbo "Stimela" wa mpiga tarumbeta Hugh Masekela. Wimbo huo wa miaka ya 1970 unazungumzia treni zilizowabeba wanaume kutoka Zambia, Malawi, Msumbiji na kwingineko kwenda kuchimba madini Johannesburg. Masekela mwenyewe aliondoka Afrika Kusini mwaka 1960 na kurejea mwaka 1990, baada ya miaka 30 ugenini. Alifariki dunia Januari 2018.

Hapo ndipo msomaji aliyerejea anapopaswa kusimama kidogo. Wimbo wa mkimbizi, unaowahusu vibarua wa ugenini, umewekwa juu ya ngoma iliyozaliwa Chicago, na kazi imefanywa na mtoto wa Mthatha. Nani atasema kipande kipi ni chetu na kipi si chetu?

Somo kwa nyumba zetu

Wengi wetu tulirejea Kongo kuanzia mwaka 2007, kazi ya kuwarudisha wakimbizi kutoka kambi za Kala na Mwange ilipoanza. Wengine wamekimbia tena, na tangu 2018 wapo wanaoishi Mantapala, wilayani Nchelenge. Watoto wetu wamekua wakiwa na Kibemba na Kiingereza cha shule, na Kiswahili chao kina ladha ya huko. Darasani nimewaona wakichekwa kwa lafudhi, na nyumbani wakikemewa kwa nyimbo zao. Ujumbe wanaoupata ni mmoja, kwamba walichojifunza ugenini ni uchafu wa kuoshwa.

Mtoto anayeambiwa hivyo kila siku hatasahau Kibemba. Atanyamaza tu, na akishanyamaza mwalimu hana tena pa kuanzia.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujaamuru simu izimwe, mwambie kijana akutafutie kwanza ile "Stimela" ya 2005, halafu "Wish You Were Here". Usisikilizie kwenye simu yenyewe, maana spika yake ndogo haitoi besi, na hausi bila besi ni uji bila chumvi. Azima spika ya jirani. Ukimaliza kusikiliza, muulize kijana anapenda nini humo. Akijibu kwa Kibemba, mwache amalize.