Kabla Kamioneti Haijafika

Ukimwona mtu mzima katika mitaa ya Lubumbashi amesimama kando ya kamioneti ya mwenzake, akiinama kutazama mipira na kumwuliza shofere, “Inakunywa litri ngapi?”, ujue kwamba yeye naye ameagiza ya kwake, nayo ingali njiani. Amekwisha kulipa nusu ya bei. Picha yake aibeba mfukoni. Siku zapita, juma kwa juma, wala habari haziji.

Watu wa namna hiyo twawajua wengi, nasi hatuwacheki. Safari hii ni akina mama wa chama kimoja cha wauza samaki. Wamechanga miaka mitatu wapate kamioneti mpya ya mazuti, iwafikishe Kasenga, kwenye mto Luapula, na kuwarudisha na vikapu vyao pasipo kuomba nafasi juu ya kamio za watu. Sehemu ya mwisho ya bei italipwa kwa mapato ya gari lenyewe. Nao wamekwisha kupanga nauli ya kila kikapu kwa kufuata hesabu iliyoandikwa katika karatasi ya muuzaji: litri 8 kwa kilometa 100. Hapo ndipo penye hofu yetu.

Lakini kwanza, kwa nini gari likawie hivyo? Sisi katika Kongo twaendesha upande wa kuume wa barabara, na usukani wetu uko kushoto. Jirani zetu wa Zambia na Tanzania ni kinyume. Basi magari mapya yanayong’aa madukani mwao hayatufai. Yetu hayana budi kuagizwa makusudi. Tena kiwanda nacho kina misiba yake. Mwaka 2021 vipande vidogo vya elektroniki viliadimika duniani kote, viwanda vingi vikapunguza kazi. Mwezi wa Aprili 2022 mafuriko makubwa yaliingia katika kiwanda cha Toyota huko Durban, Afrika Kusini, ambako Hilux hutengenezwa. Kazi ilianza tena polepole kuanzia Julai. Hata gari likiisha kutengenezwa huko kusini, bado kuna Zimbabwe, kuna Zambia, na mwisho kuna Kasumbalesa pamoja na duane yake na milolongo ya kamio. Kwa hiyo tusimwite muuzaji mwizi kwa sababu ya kukawia tu. Tumwulize namba ya shasi. Ikiwa hana namba ya kutuonyesha, yaelekea gari letu bado halijatengwa, na maneno ya “liko baharini” tuyapokee kwa akili.

Je, akina mama hao walifanya vema kuchagua mazuti badala ya esansi? Twaona walifanya vema. Mhandisi Mjerumani, Rudolf Diesel, ambaye mashine yake ilifaulu mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, hakutaka cheche ya kuwasha mafuta. Alibana hewa kwa nguvu mpaka ikawa moto sana. Kisha mafuta yakinyunyizwa ndani yake, yanawaka yenyewe. Mashine ya esansi hubana mara 10 hivi. Ya mazuti hubana mara 15 na zaidi. Kwa kubana hivyo hutoa kazi nyingi zaidi katika kila tone. Tena litri moja ya mazuti ni nzito kuliko litri ya esansi, na joto lililomo lazidi kwa sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo. Kwa mizigo na mwendo wa pole ndiyo inayofaa. Bei yake ya kununua yazidi, na fundi wake si wa bei rahisi. Lakini gari la kwenda Kasenga kila juma litarudisha gharama hiyo.

Sasa ile 8 ya karatasi. Yatoka wapi? Huko Ulaya, gari hupimwa ndani ya nyumba, magurudumu yakizunguka juu ya mitungi ya chuma. Kipimo cha zamani kilidumu dakika 20, kilometa 11 tu, kwa mwendo wa wastani kama 34 kwa saa. Tangu Septemba 2017 kilianza kipimo kipya, cha dakika 30 na kilometa 23, nacho chakaribia ukweli zaidi. Lakini katika nyumba ile hakuna matope, hakuna mchanga, wala hakuna vikapu ishirini na mama watano juu yake! Namba hiyo yafaa kwa kulinganisha gari na gari. Haikuahidi neno juu ya barabara yetu.

Tufanye hesabu, na wanafunzi waifuate kwa kalamu. Kwenda Kasenga na kurudi, pamoja na mizunguko ya soko, tuseme kilometa 420. Kwa litri 8, yatakiwa litri 33.6. Ikiwa gari lenye mzigo litakunywa 12, yatakiwa 50.4. Tofauti ni litri 16.8 kwa safari moja. Kwa safari mbili, mazuti ya safari nzima ya karatasi yamepotea, wala hakuna aliyeyaiba. Ndivyo vyama vinavyovunjika: shofere ashitakiwa, mweka hazina alia, kumbe kosa lilikuwa katika nauli.

Kupima ni rahisi. Jaza tangi mpaka juu, andika kilometa. Ukijaza tena, andika litri zilizoingia, uzigawe kwa kilometa ulizokwenda, uzidishe kwa 100. Safari moja haitoshi. Mashine mpya yenyewe huwa nzito kidogo mwanzoni. Angalia upepo wa mipira, na usikimbize gari, kwa maana mwendo wa 110 hula kuliko wa 80. Na mazuti ya bidoni kando ya njia tuyaogope: maji kidogo tu yaweza kuharibu pampu ya siku hizi, ambayo bei yake yatisha. Tena mashine zilizotengenezwa kwa sheria mpya za Ulaya zataka mazuti safi mno. Yafaa kumwuliza muuzaji jambo hilo sasa, kabla gari halijapakiwa.

Katika mkutano wa juzi mama mmoja alituuliza, “Mwalimu, tupandishe nauli ya kikapu hata kabla hatujaliona gari?” Tulijibu: ndiyo, mpige hesabu kwa 12 katika safari kumi za kwanza, kisha daftari liwaambie kama mtaipunguza. Walibishana sana, wakakubali. Daftari limekwisha kununuliwa, la kurasa 200. Halitashikwa na shofere wala na mweka hazina, bali na kijana wa sekondari, mwana wa mmoja wa jirani zao, ambaye hana kikapu garini.