Mtoto anapozidi uzito wa mgongo wa mama

Katika vijiji vya Lushoto, mtoto asiyetembea huenda kanisani mgongoni. Mama humfunga kwa kitenge, akashuka bondeni, akapanda kilima cha pili, na akifika kwenye benchi anahema. Mtoto akiwa na miaka miwili hakuna anayeshangaa. Akiwa na minne, watu huanza kuulizana. Akifika saba au minane miguu yake inaning'inia hadi magotini mwa mama, na njia za Usambara hazina huruma, hasa mvua ikinyesha na udongo mwekundu ukaanza kuteleza. Ndipo Jumapili moja mama anafika peke yake. Jumapili inayofuata haonekani kabisa.

Familia nyingi zenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupotea hivyo machoni pa usharika. Imani haijapungua. Mtoto amekuwa mzito.

Jambo hili linauma zaidi kwa sababu milima hii haina uhaba wa kazi za kanisa kwa watu wenye ulemavu. Wamisionari wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891, na chama chao baadaye kikaweka makao Bethel, Ujerumani, mahali palipoanza mwaka 1867 kama nyumba ya kuwatunza wenye kifafa. Lutindi, upande wa Korogwe, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani ikaja kuwa hospitali ya magonjwa ya akili. KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ina Shule ya Wasioona pale Irente, na pia Irente Rainbow, shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Chuo cha Sebastian Kolowa, Magamba, kilipoanza mwaka 2007 kilianza na elimu maalumu.

Lakini Irente iko jirani na Lushoto mjini. Aliyeko Mtae au ndani ya mabonde ya Bumbuli hawezi kwenda na kurudi kila siku na mtoto mgongoni. Kwake yeye, kanisa ni jumuiya inayokutana nyumba kwa nyumba, mzee wa kanisa wa mtaa wake, na mwinjilisti anayepita kwa miguu. Msaada usipotoka hapo, hautoki popote.

Na hapo ndipo kuna kazi, kwa sababu wakati mwingine kinachotangulia kufika kwa mzazi ni swali: nani alikosea? Wanafunzi walimuuliza Yesu hivyo hivyo kuhusu kipofu, katika Yohana sura ya 9, na jibu lake liliwaondolea lawama mtu yule na wazazi wake. Sura hiyo husomwa kila mara, ila bado kuna mama anayeshauriwa atubu ndipo mtoto atembee. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, au aliyepata manjano kali au homa ya uti wa mgongo, huenda ubongo wake uliumia. Hakuna toba inayodaiwa hapo. Mefiboshethi wa kwenye 2 Samweli alilemaa kwa sababu alianguka yaya alipokuwa akikimbia naye, akiwa na miaka mitano. Biblia yenyewe inaeleza ajali hiyo bila kumtafuta mwenye dhambi.

Maombi ya uponyaji yana mahali pake, na wazazi wengi huyatamani. Hatari huja pale mzazi wa mtoto mwenye kifafa anapoambiwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Dawa za kifafa zikiachwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na lisikome, na mtoto akafa. Mchungaji anayeombea mtoto na kisha kumuuliza mama, mbele ya watu, kama dawa za mwezi huu zipo, amefanya kazi mbili kwa pamoja.

Sadaka ya sabuni na sukari hupokelewa kwa shukrani, ijapokuwa hutolewa mara moja kwa mwaka, pengine na picha juu yake. Kile ambacho mama huyu hana ni saa mbili. Saa mbili za kwenda shambani, kuuza maharage mnadani, kulala, au kukaa ibadani bila kuangalia mlango. Jumuiya ya nyumba kumi ikigawana zamu, kila nyumba inafikiwa mara moja katika wiki kumi. Si mzigo huo. Vijana wa kwaya nao wanaweza kumbeba mtoto kupanda kilima, au kuchangishana nauli ya bodaboda kwa Jumapili mbili za mwezi. Jumuiya yenyewe inaweza kukutania kwa huyo mama. Kwa kweli, Lushoto ina Waislamu wengi, na si ajabu jirani wa kwanza kushika zamu akawa si wa kanisa hilo. Apewe shukrani, asipewe mahubiri.

Baba asisahaulike. Wengine huondoka kwenda kutafuta kazi Tanga au Dar es Salaam, na simu zikapungua. Wanaobaki hukaa kimya. Wanaume wa usharika wanaomwendea mwenzao kutengeneza naye kiti cha mbao chenye mgongo, mkanda na meza ndogo, wamemwambia mengi bila hotuba.

Zamu ina taratibu zake. Mtoto asiyeweza kusema asiachwe na mtu mmoja ambaye familia haimfahamu. Wawe wawili, na mlango uwe wazi. Mama ndiye mwalimu: aonyeshe jinsi ya kumnyanyua, sauti ipi ni ya njaa na ipi ni ya maumivu. Chakula kitolewe mtoto akiwa ameketi, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kidogo kidogo, maana akilishwa amelala chali uji unaweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia. Mara ya kwanza iwe nusu saa tu, mama akiwa bustanini nyuma ya nyumba, mahali anapoweza kuitwa.