Kiondo Huanzia Kitakoni

Katika Endarasha, kule Kieni chini ya milima ya Aberdare, mama anaweza kuhudhuria kikao cha chama huku vidole vyake vikisuka kiondo. Ili kuelewa anachofanya, tuanze na istilahi mbili. Mtande ni nyuzi zinazosimama. Mshindio ni uzi unaopita kuzikamata.

Mfumaji wa nguo huufunga mtande kwenye mtambo. Kiondo hakina mtambo. Msusi hukutanisha nyuzi chache za mtande mahali pamoja, napo ndipo kitakoni. Kisha mishindio miwili huenda sambamba: mmoja mbele ya uzi, mwingine nyuma yake, hupishana, na kuuendea uzi wa pili. Duara likipanuka, nyuzi za mtande huongezwa. Zikizidi, kitako huyumba kama ukingo wa sketi. Zikipungua, hujikunja kabla ya wakati. Msusi akiacha kuongeza, ukuta hupanda. Kazi yote, basi, ni hesabu isiyoandikwa popote, ambayo binti huipata kwa kukaa karibu na mama yake.

Zamani Wakikuyu walisokota nyuzi hizo juu ya paja, kutokana na maganda ya vichaka kama mũgio. Leo ni katani na nyuzi za dukani zenye rangi. Malighafi imebadilika, hesabu imebaki.

Sasa tutazame kazi nyingine ya wanawake. Katika miaka ya 1960 wanawake wa Kenya ya Kati walichangishana fedha ili kila mmoja, kwa zamu, aezekewe nyumba kwa mabati. Paa la nyasi halikingi maji safi. La mabati huyakinga, na mama hupunguziwa safari ya mtoni.

Msanii Naomi Wanjiku Gakunga, aliyezaliwa Kenya mwaka 1960, aliyachukua mabati hayo hayo. Huyaacha yapate kutu, huyakata, huyaunganisha kwa waya. Mwaka 2013 alionyesha kazi zake October Gallery, London, chini ya jina Ituĩka, yaani iliyokuwa sherehe ya Wakikuyu ya kizazi kimoja kukikabidhi kingine utawala. Utawala huo ulikuwa wa wanaume, lakini mabati aliyoyapa jina hilo yanakumbusha kazi ya wanawake.

Je, bati lililoshonwa ni sanaa ya nyuzi? Kwangu, ndiyo. Waya unaokamata bati kwa bati hufanya kazi ya mshindio, na wale waliochangishana kwa zamu, nyumba baada ya nyumba, walikuwa wameshaanza kusuka.