Binti Anapotaka Kazi ya Baharini

"Mama, nimepata kazi. Nitakuwa msaidizi wa pwani na uzamiaji katika kituo cha utafiti wa bahari."

Mama mmoja wa Mwanza aliyasikia maneno hayo kwa simu, ungo wa mchele ukiwa mapajani. Aliyempigia ni bintiye wa pili, mwenye umri wa miaka 23, aliyekuwa amemaliza chuo. Mama huyo hakusema hongera. Aliuliza, "Kwani kazi za nchi kavu zimekwisha?"

Akina mama wenzetu, tusimcheke. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu walipoteza maisha. Miongoni mwao alikuwamo dada yake mkubwa. Meli ilikuwa imejaza kupita kiasi, na hata leo hakuna ajuaye kwa hakika ilikuwa imebeba watu wangapi. "Hatukupata mwili wa kuzika," alituambia. "Na jina lake hatukuliona kwenye orodha yoyote."

Mama wa namna hiyo atampaje bintiye ruhusa ya kufanya kazi majini? Hilo ndilo lililotufanya tufuatane naye hadi Unguja, bintiye alipotimiza mwezi wa tatu kazini.

Kazi yenyewe ni ipi?

Wengi wetu tukisikia habari za utafiti wa bahari huwafikiria wataalamu tu. Nchini Tanzania kazi hiyo si ngeni: Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa Zanzibar mwaka 1978. Wenzetu wa Kenya nao wamekuwa na taasisi yao ya utafiti wa bahari na uvuvi tangu 1979, yenye makao Mombasa. Wataalamu huzamia wakahesabu samaki, wakapima matumbawe na nyasi bahari. Ndivyo ilivyojulikana ukubwa wa hasara ya mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Samaki wengi tunaowakaanga jikoni hukulia katika matumbawe hayo, kwa hiyo jambo hilo latuhusu sisi wenye masufuria.

Lakini mtaalamu hazamii mpaka mtu mwingine amemwandalia. Huyo ndiye msaidizi. Tulimkuta binti gatini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akisoma jedwali la maji kujaa na kupwa. Unguja wakati wa bamvu maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na mkondo wake humchosha hata mwogeleaji hodari. Basi safari hupangwa ili watu wawe chini wakati maji yametulia.

Kisha akaenda kwenye mitungi. Sisi tulidhani ina oksijeni, kama ile ya hospitali. Akacheka. "Hapana, shangazi. Ni hewa hii hii tunayoivuta hapa, imeshindiliwa tu." Mashine ya kuishindilia hujaa kelele na joto, na bomba lake la kuvuta hewa lazima liwe mbali na moshi wa injini yoyote, kwa kuwa moshi ukiingia mtungini, mzamiaji ataupumua akiwa chini asijue kinachomlevya. Oksijeni safi ipo pia, ila hukaa ndani ya sanduku botini kwa ajili ya mgonjwa.

Jioni kazi hugeuka kuwa ya kuosha. Kila kifaa huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikaanikwa kivulini. Mama yake alipomwona ameinama juu ya beseni kubwa akisugua mipira ya kupumulia, alisema, "Nyumbani vyombo ulikuwa unavikimbia."

Hatari iko wapi?

Tulimwomba binti atueleze bila kuficha, mama yake akisikia. Alisema kwamba ukishuka mita 10 tu, mgandamizo juu ya mwili huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Hewa uliyoivuta kule chini hutanuka unapopanda. Mtu akiziba pumzi huku anapanda, mapafu yanaweza kupasuka. Kwa hiyo amri ya kwanza ya mzamiaji ni kutoziba pumzi kamwe.

Amri ya pili ni kupanda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na kusimama kwenye mita 5 kwa dakika 3. Anayeibuka kwa pupa hufanya naitrojeni iliyoingia mwilini itoke kama mapovu ya soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, na yaweza hata kumpoozesha mtu.

Mama yake alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Na nani anawaangalia walioko chini?"

"Mimi, mama. Siku ambazo sizamii, kazi yangu ni hiyo."

Siku aliposema hapana

Asubuhi ya pili tulishuhudia jambo ambalo hatukulitarajia. Mtafiti mmoja mgeni, mtu mzima mwenye shahada kubwa, alifika gatini akipiga chafya. Binti akamwamkia kwa heshima, kisha akamwambia kwamba leo hatazamia. Mafua huziba njia za masikio, na mgandamizo ukiongezeka ngoma ya sikio yaweza kupasuka.

Mgeni alikasirika. Alisema amebakiwa na siku mbili tu, na kwamba yeye alianza kuzamia kabla binti huyo hajazaliwa. Binti alitetemeka, tuliona mikono yake. Lakini hakubadili neno. "Samahani, mzee wangu. Sitakuandika." Nahodha, mtu wa makamo mzaliwa wa pale, alizima injini akakaa kimya akisubiri. Mkuu wa kituo alipoitwa, alimsikiliza binti kwanza. Kisha akamwambia mgeni kwamba boti haiondoki na mtu ambaye msaidizi hajamwandika.

Safari hiyo walikwenda wazamiaji wanne, wawili wawili. Binti aliandika jina la kila mmoja, hewa iliyomo mtungini na saa ya kushuka. Mama yake na sisi tulikaa nyuma ya boti. Baada ya dakika 40 walitokea wawili. Wenzao hawakuonekana. Binti alisimama, akamwonyesha nahodha upande unakokwenda mkondo, akaendelea kutazama saa na maji. Mama alimshika mkono mmoja wetu kwa nguvu mpaka ukauma. Dakika nne zilipita, ndipo boya jekundu lilipochomoza mbali kidogo, na vichwa viwili chini yake. Walikuwa wamechukuliwa na mkondo tu. Binti aliwahesabu wote wanne kwa kuwagusa bega na kutaja jina, akaandika saa ya kurudi. Hapo ndipo nanga ilipong'olewa.

Maswali yafaayo kuulizwa

Mama mwenzetu, mwanao akikuletea habari za kazi kama hii, usikimbilie kukataa, wala usikubali kwa kuona aibu ya kutojua. Muulize:

- Je, amepimwa na daktari mapafu, moyo na masikio? Mwenye pumu asijifiche.
- Je, ana cheti cha uzamiaji, na ni nani aliyemfundisha?
- Je, oksijeni ipo botini kila safari, na mgonjwa hupelekwa wapi?
- Je, mitungi hukaguliwa kila mwaka?
- Je, anayesema "leo hapana" huungwa mkono na mkubwa wake, au hutukanwa?
- Je, mkataba umeandikwa, una bima na siku za kupumzika?

Kwa binti aliyeolewa kuna swali moja zaidi. Mwenye mimba hatakiwi kuzamia, kwa ajili ya usalama wa mtoto. Yafaa amwambie mkuu wake mapema bila hofu, na kituo chema kitampa kazi za nchi kavu hadi wakati wake upite. Kama kituo hakina jibu kwa hilo, heri kulijua kabla ya kutia sahihi.

Daftari

Jioni ile, kabla ya kuagana, mama aliomba aonyeshwe lile daftari. Bintiye alimfungulia. Mama alipitisha kidole kwenye mistari, jina baada ya jina, saa ya kwenda na saa ya kurudi, miezi mitatu nzima. Hapakuwa na mstari uliobaki wazi.

"Laiti siku ile pangekuwa na mtu wa kuandika hivi," alisema. Sote tulijua alikuwa akimkumbuka dada yake.

Hatuwezi kusema hofu yake imekwisha. Alituambia mwenyewe kwamba kila usiku wa upepo huamka akafikiri habari za Unguja. Lakini alipopanda gari la kurudi bandarini, alimwita bintiye dirishani akampa mfuko wa karanga alizokaanga Mwanza, na neno ambalo binti alikuwa akilingojea tangu siku ya simu.

"Hongera, mwanangu. Wahesabu vizuri."